Mchezaji wa Kwanza na Mchezaji wa Mwisho

Je, ni haki mtu mmoja alipwe mamilioni kwa kucheza mpira, hali mkunga anayekesha zahanatini hapati hata sehemu ndogo ya fedha hizo? Swali hili lasikika katika nyumba nyingi, hasa pale inapotangazwa orodha ya wachezaji wanaolipwa kuliko wenzao wote. Wazee huliuliza kwa hasira, na vijana hulijibu kwa ndoto. Yafaa tulifikiri kwa utulivu, kwa kuwa linagusa malezi ya watoto wetu.

Tuchukue mfano wa Sirari, mji wa mpakani katika Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, mkabala na Isebania ya Kenya. Mfanyabiashara wa hapo akitajiwa bei ya gunia la mahindi haridhiki na tarakimu peke yake. Kwanza huuliza: shilingi ya wapi? Maana elfu moja ya upande huu siyo elfu moja ya upande ule. Busara hiyo ya sokoni yatufaa na sisi. Tukisikia mshahara mkubwa tusiishie kustaajabu. Tuulize fedha hizo zimetoka wapi, na ni nani aliyekosa.

Desemba 2024, Juan Soto, mchezaji wa besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo, alipata mkataba wa miaka 15 na klabu ya New York Mets. Thamani yake ni dola milioni 765, yaani wastani wa dola milioni 51 kwa mwaka. Fedha hizo hazikuibwa. Zatoka kwa watu wanaonunua tiketi kwa hiari yao, na kwa makampuni ya televisheni yanayonunua haki ya kuonyesha michezo. Mchezaji asipozipokea, haziendi kwa mkunga wala kwa mwalimu. Zabaki mkononi mwa mwenye klabu.

Tena tusisahau kwamba zamani mchezaji alihesabiwa kama mali ya klabu. Huko Uingereza, mpaka mwaka 1961, mcheza kandanda hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma, hata uwanja ukijaa namna gani. Huko Marekani, mwaka 1969, Curt Flood alikataa kuhamishwa kutoka klabu ya St. Louis kwenda Philadelphia bila ridhaa yake, kama ng'ombe abadilishwaye mnadani. Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ilimnyima ushindi mwaka 1972. Walakini Desemba 1975 mwamuzi wa migogoro alitoa hukumu iliyowafungulia wachezaji wengine mlango. Hapa kwetu nako, Desemba 2022, Feisal Salum alitaka kuondoka Yanga kabla mkataba wake haujaisha. Shauri lilifika kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu, na miezi ikapita bila yeye kucheza, hata Rais Samia Suluhu Hassan akaisihi klabu hadharani kulimaliza jambo hilo. Juni 2023 mchezaji huyo akahamia Azam. Mkataba ni ahadi, na ahadi yapasa kuheshimiwa; lakini mtu naye si mali. Basi sehemu ya mishahara hii mikubwa ni tunda la haki, wala tusiichukie kwa sababu ya ukubwa wake tu.

Atauliza mtu: Je, mpira una thamani kuliko uzazi salama? La, hata kidogo. Bei na thamani si kitu kimoja. Wilayani Tarime, huko Nyamongo, watu huchimba dhahabu, na karibu yake wapita mto Mara. Gramu moja ya dhahabu yanunua maji ya ndoo nyingi. Walakini mwenye kiu hatachagua dhahabu. Soko hulipa kilicho adimu na kinachotamaniwa na wengi. Halijui kupima kinachotufaa zaidi. Mkunga analipwa kidogo kuliko mchezaji, wala hiyo si dalili ya udogo wake. Ni dalili ya udogo wa kipimo. Kosa letu ni pale tunapokichukua kipimo cha sokoni na kukitumia nyumbani kupimia watu.

Lakini je, yatosha kusema kwamba kila mmoja amepatana na mwajiri wake, basi mambo yamekwisha? Mwaka 1891 Papa Leo XIII alifundisha kwamba haitoshi. Yako makubaliano ambayo mtu huyaingia kwa kusukumwa na shida. Na mshahara usiotosha kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema si wa haki, hata kama ameupokea bila kunung'unika.

Tukichukua fundisho hilo, twaona kwamba tumekuwa tukiisoma orodha kutoka upande usiofaa. Haki ya mishahara haijulikani kwa mchezaji wa kwanza. Yajulikana kwa yule wa mwisho. Katika besiboli hiyo hiyo, mchezaji wa ngazi ya chini kabisa alilipwa dola 4,800 tu kwa mwaka, mpaka wachezaji wa ngazi hizo walipoingia katika chama cha wafanyakazi mwaka 2022. Mwaka uliofuata kima cha chini kilipandishwa kuwa dola 19,800. Kwa nini kijana alikubali kulipwa kidogo namna ile? Kwa sababu alimtazama mchezaji wa kwanza, akasema: kesho nitakuwa mimi. Tumaini lake ndilo lililotumiwa kumpunja. Hapo ndipo ulipo ubaya wa orodha hizi: huwa chambo, na samaki ni wengi.

Mkoa wa Mara unaijua habari hii kwa karibu. Biashara United ya Musoma ilishika nafasi ya 4 katika Ligi Kuu ya msimu wa 2020/21, ikapata kuliwakilisha Taifa katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya jijini Dar es Salaam. Kisha haikuweza kusafiri kwenda kwenye mchezo wa marudiano, ikatolewa. Msimu huo huo ukaisha kwa kushuka daraja. Lakini katika kombe lile la Afrika, wachezaji wale hawakushindwa uwanjani.

Basi yatupasa nini? Viongozi wa vilabu wamlipe kwanza mchezaji wa akiba na mfua jezi, ndipo wajisifu kwa nyota waliyemnunua. Mashabiki wanaodai nyota kila msimu waulize pia kama mishahara ya mwezi uliopita imelipwa. Mchezaji aliyefanikiwa, kama Mbwana Samatta, aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Januari 2020, asionewe kijicho. Njia yake ilipita Simba, TP Mazembe na Genk, miaka kwa miaka, kabla ya kufika huko.

Nanyi wazazi, wa Sirari na wa kila mahali, msimkataze mtoto mpira. Lakini asiache shule kwa ajili ya orodha ya majina machache kati ya maelfu. Akija mtu na ahadi ya klabu ya ng'ambo, akidai fedha za kwanza, msiuze ng'ombe kabla ya kuuona mkataba na kusomewa kila neno lake. Na jioni, mtoto akitaja mshahara wa mchezaji fulani, mtajieni na jina la mkunga aliyempokea siku aliyozaliwa. Mtoto aliyezoea kuyasikia majina yote mawili kwa heshima moja, hatadanganyika upesi na tarakimu.