Saini ya Fundi

Wanafunzi wangu wa hapa Kabati, wasikiapo mvumo wa eropleni ndogo, hutoka mbio kuitazama. Nyingi za namna hiyo hukarabatiwa katika uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako Madaktari Warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, wana kituo chao. Sisi tulio chini hutazama mabawa. Lakini leo nataka kuzungumza habari za kisanduku kidogo kilichojificha ndani, nacho ni regyuleta.

Injini huzungusha altaneta, nayo hutoa umeme wa kuijaza betri na kuendesha redio na taa. Injini izidipo kasi, nguvu za umeme nazo zingezidi, hata betri ichemke na vyombo viungue. Regyuleta huuzuia umeme usipite kiasi: yapata volti 14 kwa eropleni yenye betri ya volti 12, na 28 kwa ile ya 24. Kifaa hicho kikifa, injini haizimiki, maana cheche zake hutoka katika magineto, ambazo hazihitaji betri. Lakini rubani wa usiku aweza kujikuta gizani, redio kimya.

Kukibadilisha si kazi kubwa. Betri hufunguliwa kwanza, nyaya hutiwa alama, kifaa kipya hufungwa kwa skrubu. Mafundi wa pikipiki hapa sokoni hufanya kazi ya jamii hiyo chini ya mwembe kabla chai haijapoa. Neno moja hutaka uangalifu: mahali pa kukifungia husuguliwa hata bati ling'ae, kwa kuwa kisipogusana vema na chuma cha eropleni, kwa ajili ya rangi au uchafu, regyuleta hudanganyika juu ya kipimo cha umeme. Kisha hapo pakifunikwa, hakuna apaonaye tena.

Kwa sheria ya Kenya, eropleni hiyo hairuki mpaka fundi mwenye leseni aandike kitabuni kazi iliyofanywa, akatia saini. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoundwa mwaka 2002.

Sasa tufikirie jambo hili. Jua linatua. Kijana mwanagenzi, hodari, asiyejulikana kwa uongo, amekwisha kufunga regyuleta. Fundi mkubwa amwuliza, "Umesugua?" Kijana ajibu, "Ndiyo, mzee." Fundi atia saini bila kuinama kutazama. Na kweli kijana alikuwa amesugua. Eropleni yaruka, yatua salama. Je, fundi amekosa?

Darasani walio wengi walisema hakukosa. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kosa lisilomdhuru mtu ni kosa gani?" Hoja yake si ya kudharauliwa. Watu huishi kwa kuaminiana, na kumtilia shaka kijana mwema ni kumvunja moyo.

Hata hivyo nadhani alikosa. Saini ile haisemi, "Kijana huyu ni mwema." Yasema, "Nimeona." Rubani ausomaye ukurasa ule hamjui kijana, wala hakuisikia "ndiyo" yake, amepewa ushahidi wa macho ambayo hayakutazama. Kwamba kazi ilikuwa sawa ni sifa ya kijana. Haiwezi kuwa udhuru wa mzee. Tena msafiri wa gari, likiharibika, hushuka akangoja kando ya barabara. Wa angani hana kando.

Jioni ya siku ile ile, mvua ikinyesha, kiranja wa bweni aliniletea daftari mlangoni. "Wote wamo, Mwalimu, arobaini na mmoja." Nikatia saini. Nilikwisha kuketi mezani ndipo nilipoyakumbuka maneno yangu ya mchana. Nikachukua taa, nikapita kitanda kwa kitanda. Walikuwa arobaini na mmoja. Kiranja alinitazama kwa uso wa mtu aliyeonewa, nami usiku ule sikupata neno la kumwambia.