Mshumaa wa Saba Unamwangazia Nani?



Huku kwetu Kyela, Mkatoliki anaishi jirani na Mmoravian na Mlutheri. Wamisionari wao walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na wengi wetu tuna shangazi au binamu huko. Kwa hiyo askofu akija kutoa Kipaimara, maswali hayakosekani. Kofia ndefu ya nini? Pete, fimbo, mishumaa yote ile, huko si kumtukuza mwanadamu? Swali ni zuri, tusilikimbie. Mimi naanza kulijibu na kitu kidogo: mshumaa.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 117, yanataka mishumaa walau miwili altareni au karibu nayo. Inaweza kuwa minne au sita, hasa Dominika. Akiadhimisha askofu wa jimbo, iwe saba. Lakini angalia vizuri: askofu wa jimbo. Askofu Mkuu wetu wa Mbeya akialikwa kuadhimisha Misa Songea, huo wa saba hauwekwi kwa ajili yake. Mtu ni yuleyule na daraja lake ni lilelile, ila kundi alilokabidhiwa haliko pale. Basi mshumaa ule ni wa kazi ya uchungaji. Sura yake na jina lake havihusiki.

Zamani kulikuwa na mwingine: kinara kidogo cha mkononi, kwa Kiitaliano bugia. Jina hilo limetoka Afrika, kwenye mji wa Béjaïa nchini Algeria, uliokuwa ukipeleka nta Ulaya. Mtumikiaji alikishika karibu na kitabu askofu aliposoma. Mwaka 1968 Roma ilirahisisha ibada za kiaskofu, na kinara hicho kikabaki kwa pale tu mwanga unapohitajika.

Nakipenda kwa mambo mawili. Kwanza, kilimulika maandishi, si uso wa askofu. Pili, hakukishika mwenyewe. Mkuu wa kundi alisimama mbele ya watu akihitaji mtu mdogo amshikie taa ili aweze kusali.

Nenda Matema usiku usio na mbalamwezi uone wavuvi wa usipa. Taa zao zinaelekezwa majini. Mvuvi akijimulika usoni, macho yatamwingia kiwi, na usipa hataupata. Heshima ndani ya Kanisa iko hivyohivyo. Hata kofia inafundisha: askofu anaivua Injili inaposomwa, na kwenye Sala ya Ekaristi anavua hata kile kikofia kidogo. Aliyevikwa alama hizo anafundishwa nazo kuinama.

Hapo rafiki yetu Mmoravian tumemjibu. Sasa tujiulize sisi wenyewe. Liturujia imeomba mshumaa mmoja wa ziada. Ng'ombe, maturubai, msafara wa magari na vitenge vyenye picha ya askofu, nani aliviomba? Hivyo tumeviongeza wenyewe. Mama anayesubiri mpunga wake uive anaambiwa mchango ni lazima, na asiye na sare anajificha nyuma siku ya sherehe ya mchungaji wake. Mimi nasema hilo si sawa, hata kama nia ni njema. Taa imegeuzwa ikammulika mvuvi.

Sisemi tuache kumpokea mgeni. Mgeni apikiwe, apigiwe ngoma, na mishumaa iwake yote saba. Lakini kamati ya mapokezi ikikaa, vijana tuna haki na wajibu wa kuuliza: hiki tunachokichangia kinawafanya watu wamwone Kristo mchungaji, au kinaishia kwa mtu? Na je, kuna mtu wa jumuiya yetu ambaye hatakuja kwa sababu ya mchango huu? Tuulize kwa adabu, tukiwa na jina la mtu huyo kichwani. Naamini mchungaji anayeujua mshumaa wake hatachukia swali hilo.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, Mchungaji Mwema, uwajalie maaskofu wetu kulitazama kundi, na sisi utujalie kuwashikia taa bila kuwapofusha. Amina.

Tuombeane, wapendwa.