Rangi Nyekundu na Uongo Usio na Maneno

Sisi tunaoishi Uingereza twaijua sote bili nyekundu. Ile ya kwanza ya umeme au gesi huja kwa wino wa kawaida. Isipolipwa hufuata nyingine, na onyo lake limepigwa chapa nyekundu. Wazee wetu wengi, hata wale ambao Kiingereza hakiwapandi, huitenga barua hiyo kando wakamngoja mjukuu arudi shule. Rangi imekwisha kuwasomea kabla ya herufi.

Hapo hatuoni kosa. Deni ni la kweli, na nyekundu imesema kweli. Swali letu ni jingine: je, rangi yaweza kusema uongo?

Wako wanaosema haiwezi, maana eti nyekundu ni nguvu ya maumbile, ni damu na moto, humvuta mtu apende asipende. Huwataja wanamasumbwi, wanamieleka na wana-taekwondo wa Olimpiki ya Athens ya 2004, waliogawiwa mavazi mekundu au ya buluu kwa bahati nasibu. Mwaka 2005 watafiti Russell Hill na Robert Barton walionyesha kuwa wekundu walishinda kiasi cha asilimia 55. Lakini mapitio mapana ya baadaye yaliona faida hiyo ni ndogo, na katika mashindano yaliyofuata 2005 haionekani tena. Tena jaribio la Ujerumani la 2008 liliwaonyesha waamuzi 42 wa taekwondo video zilezile, rangi za mavazi zikiwa zimebadilishwa kwa kompyuta, nao wakampa pointi zaidi aliyevaa nyekundu. Huenda basi nguvu haikuwa mkononi mwa mpiganaji bali machoni mwa mwamuzi.

Na macho hufundishwa. Katika soko la hisa la China nyekundu ni bei kupanda. London ni hasara. Kwetu kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni ya arusi, wala hatujasikia bibi harusi aliyeikimbia akidhani ni hatari. Sehemu kubwa ya maana ya nyekundu ni mapatano ya watu, kama neno. Na kinachoweza kusema kweli kwa mapatano chaweza pia kudanganya kwa mapatano hayohayo.

Tazama basi simu. Kiduara chekundu chenye nambari hukaa juu ya alama ya programu kana kwamba kuna jambo la dharura, kumbe ni mtu fulani amependa picha ya chakula. Tristan Harris, aliyewahi kufanya kazi Google, amesimulia kuwa alama hiyo kwenye Facebook mwanzoni ilikuwa ya buluu, watu hawakuijali. Ilipogeuzwa nyekundu wakaibonyeza. Hakuna neno la uongo lililoandikwa. Hata hivyo sisi twauita uongo, maana msanifu amechukua ishara tuliyoiwekea hatari akaitumia kwa uchu wake. Atajitetea kwamba hakumshika mtu mkono. Kweli, lakini mwenye kupiga ukelele wa moto sokoni naye hamshiki mtu mkono. Na hasara si ya dakika zetu tu: aliyezoea nyekundu hamsini za bure kwa siku, ile ya hamsini na moja, ya hospitali au ya benki, ataipita vilevile.

Kuna mahali nyekundu ya kweli inahitajika, na hapo ndipo utaona haya ya ghafla. Tangu 2013 serikali ya Uingereza inapendekeza lebo ya mbele ya pakiti za chakula ionyeshe mafuta, chumvi na sukari kwa rangi za taa za barabarani, nyekundu ikiwa ni kiwango kikubwa. Ni hiari. Mwenye kiwanda anaweza kupaka pakiti nzima ya biskuti nyekundu ya kung'aa ili mtoto aione toka mwisho wa duka, kisha akakataa kile kidoa kidogo chekundu cha sukari.