Je, Anayemtuma Mtu Hatarini Anapaswa Kumwonya?



Vijana wengi siku hizi hucheza michezo ambayo ndani yake mchezaji hujifanya mtu mwingine: askari, mganga, mwizi hodari wa kufungua makufuli, au msafiri asiye na kwao. Wengine huicheza mezani wakiwa na karatasi, kalamu na dadu. Wengine hutumia kompyuta au simu. Jambo kubwa katika michezo hiyo ni safari. Mtu fulani katika hadithi humwita mchezaji na kumwambia, mathalani, "Binti yangu amepotea msituni, nenda ukamtafute." Mchezaji hukubali, hushika njia, na huko mbele hukutana na mambo.

Basi limezuka swali, nalo limebishaniwa sana na wachezaji pamoja na watungaji wa michezo hiyo. Je, mchezo umwambie mchezaji mapema kwamba safari hii ni nyepesi na ile ni ya kuua? Au umwache aende akajionee mwenyewe? Huenda mzee mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya watoto, yanatuhusu nini sisi?" Lakini tukilitazama vizuri tutaona kwamba swali hili ni la siku nyingi. Ni swali la mtu anayemtuma mwenzake mahali penye hatari, mahali anapopajua yeye na mwenzake hapajui. Je, anadaiwa kusema kiasi gani?

Kwanza tutazame mchezo ulivyoanza. Mchezo wa namna hii uliofungua njia kwa mingine yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 huko Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Watungaji wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson, na ulikuja katika vijitabu 3 ndani ya kisanduku. Mmoja wa wachezaji huwa msimamizi. Yeye ndiye ajuaye ramani ya mapango, mazimwi yaliko na mitego ilikotegwa. Wengine hawajui, humwuliza na kumsikiliza.

Katika mchezo huo wa kwanza onyo lilikuwapo, ingawa halikuandikwa mlangoni. Mapango yalichimbwa orofa chini ya orofa, na kadiri mtu alivyoshuka ndivyo mazimwi yalivyozidi ukali na hazina zilivyozidi thamani. Mchezaji aliyeuzoea alilijua jambo hilo. Aliposimama penye ngazi ya kushukia orofa ya 3 hali nguvu zake ni za orofa ya 1, alijua kwamba akishuka amejitakia. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyemdanganya. Uamuzi ulikuwa wake mwenyewe.

Sasa tuwasikilize wale wasemao kwamba mchezo usionye kabisa. Hoja zao si za kudharauliwa. Wanasema kwamba safari iliyopimwa yote kabla ya kuondoka hupoteza utamu wake, na ushujaa hupotea pamoja nao. Mtu akiambiwa kwamba joka lile hushindwa na mchezaji wa daraja la 12, naye ni wa daraja la 14, atakwenda kama aendaye kununua chumvi dukani. Tena wanasema kwamba dunia yenyewe haituonyi. Mvuvi wa zamani hakupewa karatasi alfajiri kumwambia bahari ya leo ina ukali wa namba ngapi. Alitazama mawingu, alipima upepo usoni, aliwauliza waliorudi usiku. Kutazama huko ndiko kulikomfanya awe mvuvi. Nao wanaogopa kwamba mchezaji anayepewa namba kila mara hatajifunza kutazama.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ina pengo moja kubwa. Bahari haikumtuma mvuvi. Katika mchezo yupo aliyeliweka zimwi pale kwa mkono wake, na yupo aliyemwambia mchezaji, "Nenda." Hatari iliyowekwa na mtu ina mwenyewe, na mwenyewe aweza kuulizwa. Mtungaji hawezi kujitetea kwa kusema kwamba dunia ndivyo ilivyo, maana dunia hiyo ameitunga yeye.

Wengine watajibu kwamba hata hivyo hasara ni ya mchezo tu, hakuna aliyekufa kweli. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Mhusika anayekufa mezani huenda amelelewa kwa miezi mingi, jioni baada ya jioni. Katika kompyuta mtu aweza kupoteza kazi ya saa 3 kwa sababu mlango ulijifunga nyuma yake na hakujua. Saa hizo ni za maisha yake, nazo hazirudi. Tena kuna urafiki wa wale wanaokaa meza moja. Mchezaji akiona kwamba rafiki yake amemtegea makusudi ili amcheke, kinachoumia hapo ni urafiki wenyewe, na hauponywi kwa kurusha dadu tena.

Kwa hiyo inaonekana kwamba deni lipo. Lakini deni hilo lalipwaje? Hapo ndipo watu wengi wanapokosea njia, nao hukosea kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kudhani kwamba namba yatosha. Katika mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, kazi za mchezaji huandikwa kwa rangi. Ya kijivu ni nyepesi mno kwake, ya kijani ni rahisi, ya manjano yamfaa, ya rangi ya chungwa ni ngumu, na nyekundu ni hatari. Adui aliyemzidi mno huonyeshwa kwa alama ya fuvu la kichwa. Jambo hilo lina faida: mgeni hapotezi siku nzima akipigana na asichokiweza. Lakini lina hasara pia. Mchezaji huacha kumtazama adui, akatazama rangi tu. Haulizi tena binti aliyepotea ni nani wala kwa nini msitu unaogopwa. Huuliza kazi hii ni ya rangi gani.

Tena namba haisemi hatari ni ya namna gani. Mwaka 1975 Gygax aliwaletea wachezaji, katika mashindano ya mkutano wa Origins, kaburi la mchawi mmoja, nalo likachapishwa mwaka 1978 kwa jina la Tomb of Horrors. Kijitabu kilionyesha daraja la wachezaji wanaofaa, kuanzia la 10 hadi la 14. Hata hivyo wachezaji wa daraja hilo waliangamia humo kwa wingi, kwa sababu kaburi lile halikujaribu nguvu za mkono. Lilijaribu akili na tahadhari. Mwishoni mwa ukumbi mmoja kuna uso mkubwa wa kijani wenye kinywa wazi, na yeyote aingiaye kinywani humo huangamia kabisa, awe na nguvu kiasi gani. Onyo lililofaa zaidi halikuwa ile namba. Ni lile ambalo Gygax mwenyewe alimwandikia msimamizi mwanzoni, kwamba kazi hii ni ya watu wanaofikiri, na kwamba wapendao kupigana tu hawataifurahia. Maneno hayo machache yalisema zaidi ya tarakimu, kwa sababu yalieleza mtu anaingia katika jaribio la aina gani.

Namna ya pili ya kukosea ni kuiondoa hatari yenyewe ili onyo lisihitajiwe. Mchezo wa The Elder Scrolls IV: Oblivion, wa mwaka 2006, ulipangwa hivi kwamba maadui wengi wanakua pamoja na mchezaji. Akiwa dhaifu, nao ni dhaifu. Akipata nguvu, nao wanazipata. Mchezaji aweza kwenda karibu popote wakati wowote. Lakini wengi walilalamika, nao walikuwa na sababu. Wanyang'anyi wa njiani waliokuwa wamevaa ngozi hafifu walionekana baadaye wamevaa silaha za thamani kubwa kupita mali wanayoinyang'anya. Mchezaji alijiuliza, "Nimejitahidi miezi yote hii kwa faida gani, ikiwa mwizi wa njiani ananifuata hatua kwa hatua?" Mahali ambapo hatari zote zimekatwa kwa kipimo cha mtu, hapana pa kuogopa, wala hapana pa kufika.

Basi ipo njia ya tatu, nayo ni kuweka onyo ndani ya safari yenyewe, mahali ambapo mwenye macho ataliona na mwenye masikio atalisikia. Mchezo wa Fallout: New Vegas wa mwaka 2010 unatupa mfano mzuri. Mchezaji huanza katika kijiji kidogo, na mji anaoutaka uko kaskazini, si mbali. Lakini njia ya kaskazini ina wanyama wakali mno. Hakuna namba inayomzuia wala ukuta. Wapo wenyeji wanaomwambia kwamba njia ile imefungwa na wanyama hao, na kwamba wasafiri huzunguka kusini. Akisikia, atazunguka. Asiposikia, yatampata yale wasemayo wazee, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naye mjanja aliyesikia akaamua kunyata apite hivyo hivyo, akafaulu, atakuwa na jambo la kujivunia, kwa sababu alijua alichokuwa anakifanya.

Mfano mwingine ni Dark Souls wa mwaka 2011, mchezo uliojulikana kwa ukali wake. Wachezaji wengi wapya walishika njia ya makaburini wakakutana na mifupa itembeayo, wakauawa mara nyingi kabla ya kutambua kwamba wamekosea njia. Lakini hata humo onyo lipo. Wachezaji waliotangulia wanaweza kuacha ujumbe chini kwa ajili ya wanaokuja, na mahali alipokufa mtu hubaki doa la damu; ukiligusa waona kivuli chake na namna alivyokufa. Ni kweli kwamba baadhi ya jumbe hizo ni za uongo, za kumtia mtu shimoni. Hivyo mchezaji hujifunza na jambo la pili: kupima maneno ya anayemwonya.

Hapo tumefika penye jambo linalohitaji kutenganishwa vizuri. Mtu wa ndani ya hadithi aweza kusema uongo. Tajiri katika mchezo aweza kumwambia mchezaji, "Ni panya wachache tu ghalani," kumbe ni joka. Hilo ni sehemu ya hadithi, mradi ziwepo dalili za kumshuku. Lakini mtungaji mwenyewe, au msimamizi wa mezani, akisema kwa kinywa chake kwamba safari hii yawafaa wanaoanza, asiseme uongo. Mchezaji hana mahali pengine pa kusimama isipokuwa juu ya neno hilo. Likiwa la uongo, mchezo wote umekuwa mtego.

Sisi watu wa Kiswahili tulilijua jambo hili zamani katika vitendawili. Mwenye kitendawili haanzi kumtupia mwenzake fumbo ghafula. Husema kwanza, "Kitendawili!" na kungoja wengine wajibu, "Tega!" Ndipo anapotega. Neno lenyewe ni la mtego, na wote wanajua hivyo. Hakuna anayeambiwa kwamba fumbo ni gumu kiasi gani, wala hakuna anayelalamika akishindwa. Atatoa mji, atapewa jibu, na mchezo utaendelea. Kwa nini hakuna manung'uniko? Kwa sababu aliulizwa akakubali, kwa sababu jibu likitolewa huonekana kwamba dalili zilikuwamo katika fumbo, na kwa sababu mji anaoutoa haumfilisi.

Kutokana na hayo twaweza kusema kwamba anayemtuma mwenzake hatarini anadaiwa mambo matatu. Kwanza, amweleze ni jaribio la namna gani, hata kama hasemi ukubwa wake. Pili, dalili za hatari ziwepo njiani, ili atazamaye apate faida ya kutazama kwake. Tatu, iwepo njia ya kurudi. Na kama haipo, hapo lazima onyo liwe la wazi kabisa, bila mafumbo, kabla ya hatua ya mwisho. Kadiri njia ya kurudi inavyokuwa nyembamba, ndivyo deni la kuonya linavyozidi. Zaidi ya hayo hadaiwi. Hapaswi kumpimia kila hatua, wala kumwondolea kila jiwe, maana kufanya hivyo ni kumwona mtu mzima kuwa mtoto mchanga.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hatutashika kamwe dadu za mchezo huo. Lakini kila mmoja wetu humtuma mtu. Mzazi humtuma binti mjini kufanya kazi katika nyumba ya watu. Fundi humpandisha mwanafunzi wake juu ya paa. Jamaa humshauri kijana aache shamba akafanye biashara. Mara nyingi tunanyamaza juu ya ugumu kwa hofu kwamba akiujua hatakwenda. Hapo tumeacha kumtuma, tumeanza kumtega, naye hakusema "Tega." Pengine kwa upande wa pili tunamjaza hofu na vipimo mpaka hathubutu kuondoka. Kabla ya kusema "Nenda," tujiulize: amejua anakwenda katika jambo la namna gani, ana macho ya kuona dalili, na mlango wa kurudi nyumbani tumeuacha wazi?