Anayelalamika Ndiye Anayevunja Umoja?

Kuna neno tumelizoea sana kanisani: "Tusilete migawanyiko." Mtu akiuliza pesa za ujenzi zimefika wapi, anaambiwa tusilete migawanyiko. Dada akisema kwaya inachukua watu wa upande mmoja tu, anaambiwa aende aombe. Na mara nyingi anayelisema analipenda kanisa kwa kweli, hataki livurugike. Lakini wiki hii nataka tukae na swali moja. Je, ufa unaletwa na yule anayeuonyesha, ama ulikuwa pale ukutani kabla hajafungua mdomo?

Hebu fungua Matendo 6. Kanisa la Yerusalemu lina moto. Watu wameuza mashamba, wamegawana, miujiza inatendeka. Halafu Luka, bila kuficha, anatuambia kuna manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa chakula cha kila siku kilipogawanywa. Kumbuka hawa wote walikuwa Wayahudi, wote wamemwamini Yesu. Tofauti yao ilikuwa lugha na mahali walikotoka. Wengine walikuwa wenyeji, wengine walirudi kutoka nchi za mbali, na huenda baadhi ya hao wajane hawakuwa na jamaa hata mmoja mjini.

Luka hasemi mtu alikaa chini akapanga kuwanyima. Mimi nafikiri ilikuwa rahisi zaidi ya hapo. Anayegawa anamwona kwanza yule anayemjua, anamsalimia kwa lugha ya nyumbani, anamuuliza watoto, anamjazia. Kufika mwisho wa laini, sufuria imeisha. Hakuna aliyechukia mtu. Lakini mjane mmoja amelala njaa, na kesho yake vilevile, na wote waliolala njaa wanatoka upande mmoja.

Angalia mitume hawakufanya nini. Hawakukemea roho ya manung'uniko. Hawakusema sisi sote ni mmoja katika Kristo, kwa hivyo hapa hakuna mambo ya Wayunani. Waliita kusanyiko lote, wakasema chagueni watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima, tuwakabidhi kazi hii. Kisha soma majina yao polepole: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Huyo Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Ni kweli hata miongoni mwa mitume kulikuwa na Filipo na Andrea, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi kamili. Lakini saba kwa saba? Kanisa lilichukua ufunguo wa stoo likawapa watu wa upande uliokuwa unalia. Na Luka anamalizia kwa kutuambia kwamba wanafunzi waliongezeka sana, hata makuhani wengi wakaamini.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na kuna jambo la darasani ambalo halijanitoka. Mteja anayelalamika bado ni wako. Wa kuogopa ni yule anayenyamaza, analipa, anaondoka na harudi tena. Najua kanisa si duka. Mteja hana deni lolote kwa duka, lakini sisi ni viungo vya mwili mmoja. Basi hapo ndipo jambo linazidi kuwa zito, kwa sababu mguu usiotuma maumivu hatuuiti mzima, tunauita wenye ganzi. Waulize walio na kisukari. Anakanyaga msumari hasikii, na siku anapouona mguu, kidonda kimekwenda mbali.

Jambo lingine. Ukisoma Agano Jipya utaona mara nyingi ushirika wa waumini ulitikisika kwenye chakula. Yerusalemu ni chakula cha wajane. Antiokia, Wagalatia 2, ni Petro aliyekuwa akila na watu wa Mataifa, halafu watu wa Yakobo walipofika akajitenga nao, na hata Barnaba akafuata. Korintho, 1 Wakorintho 11, ni wenye nacho kula na kunywa mapema, na wengine kufika wakabaki na njaa, halafu eti hiyo ndiyo Meza ya Bwana. Mafundisho ya Petro kuhusu wokovu hayakuwa na shida. Kiti chake ndicho kilikuwa na shida. Paulo akamwambia mbele ya watu wote, kwa sababu wote walikuwa wameona. Je, hiyo ilivunja umoja? Soma mwisho wa waraka wa pili wa Petro uone anamwita Paulo nani: ndugu, tena mpendwa. Na habari za mafarakano ya Korintho, Paulo hasemi tu "nimesikia." Anataja wazi kwamba zimeletwa na watu wa nyumba ya Kloe. Hakuwaita wasaliti.

Sasa tuje kwetu. Ukitaka kujua umoja wa kanisa uko wapi, usiangalie tukishikana mikono wakati wa maombi. Angalia matanga. Katika makanisa yetu mengi, muumini mwenye kazi nzuri akifiwa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa jioni hiyohiyo. Kamati inakaa, mweka hazina anatuma orodha kila baada ya saa moja, basi linakodishwa, tunasafiri usiku kucha hadi kijijini na kwaya iko na sare. Mama anayefulia watu nguo mtaani akifiwa, jina lake linatajwa kwenye matangazo, tunasimama, tunaombea, tunaketi. Hakuna aliyeamua hivyo. Hakuna kikao kilichoandika kwamba huyu ni wa basi na yule ni wa maombi. Ni kama ile sufuria ya Yerusalemu, tunaanza na tunayemjua. Lakini yule mama anajua. Watoto wake wanajua pia. Na Jumapili akiimba pamoja nasi kwamba sisi ni familia moja, anaimba kwa imani kuliko sisi, kwa sababu yeye anaimba kitu ambacho hajakiona.

Akisema, amevunja umoja? Mimi nasema hapana. Amekuwa Kloe wetu.

Na lugha pia. Ibada tunafanya kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini tukitoka nje tu, pale kwenye ngazi, kila mtu anaenda kwa watu wake. Si dhambi kusalimiana kwa lugha ya mama, ni baraka. Lakini chukua orodha ya kamati zetu, wazee, mashemasi, timu ya sifa, waelekezi, usome majina kama ulivyosoma yale saba. Ukiona yanatoka upande mmoja wa nchi, usifikirie kwamba ni wewe peke yako umeona.

Tunaishi nchi ambayo imeshalipia jambo hili. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, na wengi wao walikuwa wamama na watoto. Kanisa la Kipentekoste, kama hili letu. Mwezi wa pili mwaka huohuo viongozi wa NCCK walitoa taarifa wakikiri kwamba walikuwa wameegemea pande, ndiyo sababu hawakuweza kuyakabili mambo kwa sauti moja. Nawaheshimu kwa kukiri. Ila kabla ya hapo makanisa yalikuwa yameomba amani sana. Amani tuliomba. Mambo ya mashamba, ya kazi, ya nani anaitwa mgeni mahali alipozaliwa, hayo mara nyingi hayakuguswa, kwa sababu yangeleta migawanyiko. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia tutaitwa tena kwenye maombi ya amani, na nitakuwa wa kwanza kufika. Lakini maombi hayo yawe na mahali pa kuulizana pia.

Najua kuna ndugu anayesoma hapa akisema, "Pasta, sasa umewafungulia mlango wanung'unikaji." Wasiwasi wake una msingi. Biblia ina manung'uniko yaliyohukumiwa. Soma Hesabu 11, watu wanalilia nyama na kutamani matango ya Misri. Soma Hesabu 16, Kora na wenzake. Lakini usifunge kitabu, endelea hadi sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi wanakuja na malalamiko kuhusu urithi wa baba yao. Hawakwenda hema kwa hema usiku. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na kusanyiko lote, wakasema shida yao na wakasema wanachotaka. Musa hakuwajibu kwa hasira, alipeleka neno lao kwa Mungu. Na Mungu akasema binti hao wako sawa. Sheria ya urithi ikabadilika katika Israeli.

Kitabu ni kimoja, jangwa ni lilelile. Kora alitaka nafasi ya Haruni. Wale wa nyama walitaka kurudi Misri. Hawa mabinti walitaka kuingia Kanaani pamoja na wengine na wawe na sehemu huko. Analalamika kwa sababu anataka kubaki. Mtu wa namna hiyo utamtambua kwa mahali anapopeleka neno lake: kwa mwenye kuweza kurekebisha, kama Bwana alivyoelekeza katika Mathayo 18, aende kwanza kwa ndugu wawili peke yao. Kikundi kidogo cha WhatsApp kilichofunguliwa pembeni ya kikundi cha kanisa, ambacho mchungaji hayumo na mweka hazina hayumo, hicho si mlango wa hema ya kukutania. Hicho ni hema kwa hema.

Ila upande wa viongozi una kazi kubwa zaidi. Huwezi kumwambia mtu aje mlangoni kama mlango umefungwa. Kwa hiyo Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, hesabu za mfuko wa kusaidiana zitasomwa zote: kilichoingia, kilichotoka, na ni matanga mangapi tulisafiria na mangapi hatukusafiria. Risiti zitakuwa mezani. Wamama wa ibada ya kwanza, tafadhali msiende nyumbani mapema, tutawawekea chai. Njoo na swali lako, na ukiona aibu kusimama, liandike, ulipe kwa mashemasi walioko mlangoni.