Ramadhani, siku ya 14: Simulizi na masimbulizi



Leo tutoke kidogo. Tuseme wewe ni mwalimu, umepata ziara ya kubadilishana uzoefu na walimu wa Japani. Wenyeji wanakufikisha Tagawa, mji wa kisiwa cha Kyushu ulioishi kwa makaa ya mawe. Mgodi mkubwa wa pale ulifungwa 1964. Yamebaki mabomba mawili marefu ya moshi na makumbusho, na humo wanakuonyesha picha za mzee Yamamoto Sakubei.

Mzee huyu alizaliwa 1892, akaanza kuingia mgodini tangu mtoto. Alipovuka miaka sitini, akiwa mlinzi wa usiku, akaanza kuchora. Hakusomea uchoraji. Alitaka tu wajukuu wajue maisha yale yalikuwaje. Mume anachimba, mke anavuta makaa nyuma yake. Gesi inalipuka. Mtu anapigwa. Pembeni kaandika maelezo kwa mkono, mpaka zana na nguo. Mwaka 2011 UNESCO iliziingiza picha na maandishi yake 697 kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Wewe mwalimu utajiuliza: wajukuu wajue ili iweje? Mgodi si umeshafungwa?

Wengi wetu tunanyamaza. Hatutaki mtoto ajue tulibeba mizigo bandarini au tulilala kwenye kibanda cha mtu. Matokeo yake, mtoto huyo huyo anamdharau mpagazi, kumbe kazi ile ndiyo iliyomlea. Wengine tunasema, lakini siku ya ugomvi: "Nimekusomesha kwa jasho langu, leo unanijibu hivi?" Haya ndiyo masimbulizi, na Qur'ani imetuonya kwamba yanabatilisha sadaka. Sijui kwa nini tunadhani onyo lile ni la maskini wa mlangoni tu, watoto wetu hawamo.

Utasema, mzazi si ana haki ya kushukuriwa? Anayo, tena Allah ameitaja pamoja na shukrani Yake. Ila haki kuwepo ni jambo moja, na kuidai mezani ni jambo lingine. Masimbulizi yanamwachia mtoto deni. Simulizi inamwachia watu: picha za Sakubei zimejaa wake, watoto, wachimbaji wenzake, wala mjukuu hadaiwi kitu.

Basi mtoto akikuuliza baada ya futari ulikuwa unafanya kazi gani zamani, mwambie. Mwambie ujira wa siku ulikuwa kiasi gani, nani alikushika mkono, nani mlitoka naye asubuhi na hakurudi. Ukiona maneno yanaanza kugeuka kuwa "na wewe sasa...", nyamaza hapo, kunywa maji, nenda tarawehe. Utaendelea kesho, inshaallah.