Chupa ya Zamani na Maji Mapya



Swali ninalotaka kulitazama pamoja nanyi litaonekana dogo, na pengine mtu atacheka. Je, mtu akimimina maji ya bei ndogo katika chupa nzuri ya zamani, amesema uwongo? Msicheke upesi. Mambo makubwa ya dhamiri huingia mara nyingi kwa mlango mdogo, na hili liliingia kwangu karibu na beseni la kunawia uso.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Ninapenda kunyoa ndevu kwa namna ya wazee: maji ya moto, sabuni, brashi ya kutokeza povu, na kinyoleo cha chuma chenye wembe mwembamba unaokata pande mbili. Vinyoleo vya namna hiyo Mmarekani King Gillette alianza kuviuza mwaka 1903, na mwaka ule wa kwanza aliuza 51 tu. Siku hizi watu wengi huko Ulaya na Marekani wamerudia desturi hiyo, si kwa lazima bali kwa kuipenda, kama mwingine anavyopenda kufuga njiwa. Mtu akiisha kunyoa, hupitisha jiwe la shabu mahali palipotoka damu, kisha hujipaka maji yenye spiriti na harufu nzuri. Spiriti huchoma kidogo na kusafisha ngozi. Mentoli huleta ubaridi.

Zamani maji hayo yaliuzwa hasa katika chupa za kioo. Leo mengi huuzwa katika plastiki, maana plastiki ni nyepesi kwa safari, tena haivunjiki. Basi wapenzi wa kunyoa hutafuta chupa za kioo zilizokwisha kutumika, huzisafisha, na kumimina ndani maji yao mapya. Sababu zao si za upuzi. Kioo hakipatani na harufu hata kuinywa, wala spiriti haikiharibu. Kioo cheusi huzuia mwanga, nao mwanga pamoja na joto na hewa ni adui wa manukato, hasa yale ya ndimu na machungwa. Tena chupa ya kioo ni nzito mkononi, nayo inaweza kutumika miaka na miaka badala ya kutupwa mtaroni.

Kazi yenyewe yataka uvumilivu. Chupa huoshwa kwa sabuni na maji ya moto, husuuzwa mara kadhaa, halafu husuuzwa kwa spiriti kidogo, na kugeuzwa mdomo chini mpaka ikauke kabisa. Kama harufu ya zamani ingalipo, tazama kizibo: kizibo cha mpira hushika harufu kuliko kioo. Ndipo maji humiminwa polepole kwa faneli ndogo, mbali na moto na mshumaa, maana spiriti hushika moto upesi. Usijaze mpaka juu. Acha nafasi, kwa kuwa spiriti huongezeka ikipata joto.

Hayo yote ni kazi ya mikono. Sasa tuje kwenye kazi ya dhamiri.

Chupa yangu niliirithi kwa babu, aliyekuwa mpishi wa mapadri. Zamani ilikuwa na maji ya Köln, na karatasi yake yenye maandishi ya dhahabu ingali imebandikwa. Mimi nilitia ndani maji ya sokoni, ya bei ndogo lakini si mabaya. Siku moja, kabla ya harusi, mzee mmoja jirani yetu alikuja kwangu kunyolewa. Nilimpaka maji yale. Akaitazama chupa, akasoma karatasi, akasema: «Ee mwalimu! Hii ndiyo ya Ulaya kweli!» Mimi nilicheka kidogo, nikanyamaza. Kule harusini akawaambia watu wote habari ya maji yangu, nami nikapokea sifa zile kama mtu anayestahili.

Je, nilikosa? Nyumbani nilianza kujitetea, na utetezi wangu ulikuwa wa namna mbili.

Wa kwanza: «Sikusema neno. Karatasi ndiyo iliyosema, na karatasi haina kinywa.» Utetezi huu hausimami. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, anafundisha kwamba mtu aweza kudanganya kwa ishara na matendo, si kwa maneno tu. Ni kweli, si kila ukimya ni uwongo. Hakuna anayelazimika kumtangazia kila mgeni bei ya vitu vyake. Lakini nilipoona kwamba mzee amedanganyika kwa ajili ya kitu changu, mbele ya macho yangu, na nikafurahi kwamba amedanganyika, ukimya wangu uligeuka kuwa jibu. Aliniuliza kwa namna yake, nami nikamjibu «ndiyo» kwa kicheko.

Utetezi wa pili: «Amepoteza nini? Harufu ilimpendeza, ngozi yake ilipona, hakulipa hata faranga moja.» Utetezi huu ulinishinda muda mrefu zaidi, mpaka mambo yenyewe yalipoujibu. Baada ya majuma machache mzee aliona sokoni chupa yenye karatasi kama ile yangu. Akakumbuka harusi, akalipa faranga 30 000, fedha ya kuku wake. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyotiwa rangi na spiriti mbaya, yakamchoma uso kwa siku tatu. Mwuzaji yule alimwibia. Hilo ni wazi. Lakini ni nani aliyemfundisha mzee kwamba karatasi ile ni ya kuaminiwa? Mwuzaji alidanganya apate fedha, mimi nilidanganya nipate sifa. Tulitofautiana katika malipo tu.

Udanganyifu wa namna hiyo si wa leo. Maji ya Köln yalipata jina lake kwa mfanyaji manukato Mwitalia, Johann Maria Farina, aliyekaa katika mji huo wa Ujerumani. Nyumba yao ya biashara ilianzishwa mwaka 1709. Maji yake yaliposifiwa katika majumba ya wafalme, wengi walianza kuuza maji yao kwa jina Farina. Mwaka 1803 mfanya biashara mmoja, Wilhelm Mülhens, alinunua ruhusa ya kulitumia jina hilo kwa mtu aliyeitwa Farina lakini asiye wa ukoo ule. Tazameni werevu huo: jina lilikuwa la kweli, mtu alikuwa wa kweli, ila mnunuzi alifahamu kitu kingine. Mwaka 1881 nyumba ya Mülhens iliacha jina Farina, ikachukua nambari ya nyumba yao, 4711. Na maji yao, yalipoitwa kwa jina lao wenyewe, hayakukosa wanunuzi. Hata leo watu huyanunua. Kitu chema hakihitaji kuazima jina.

Lakini mtu mwingine ataniambia: «Mwalimu, ukisema hivyo, basi tuzivunje chupa zote za zamani! Mama zetu huuza mawese katika chupa za bia, na karanga katika chupa za pombe kali. Je, nao ni waongo?» Hapana, ndugu. Hapo yafaa kupambanua. Mawese ni mekundu, kila mtu huyaona. Hakuna mnunuzi hata mmoja anayefikiri ananunua bia. Desturi imekwisha kuifuta maana ya karatasi ile. Ukweli wa chombo haupimwi kwa maandishi peke yake. Hupimwa kwa yale anayoyafahamu mtu anayekipokea, na kwa yale tunayotaka ayafahamu. Penye ujuzi wa wote, hapana udanganyifu. Hivyo mpenzi wa kunyoa anayetia maji mapya katika chupa ya zamani kwa matumizi yake, na kumwambia mgeni anayeuliza, hana kosa lolote. Anakitunza kitu kizuri, na utunzaji ni jambo la sifa.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo nia njema haitoshi. Sote tumesikia habari ya mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa katika chupa ya limonadi. Aliyeyatia hakutaka kumdanganya mtu. Lakini mtoto hasomi nia, anasoma chupa. Kwa hiyo maji yenye spiriti yasitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji, hata kwa siku moja, hata kama kizibo kimekazwa. Kioo ni kile kile, usafi ni ule ule, lakini kwa mtoto chupa ile imekwisha kusema: «Kunywa.» Hapo kubandika jina jipya na kuweka chupa mahali pa juu si adabu tu, ni wajibu wa upendo.

Basi jibu langu ni hili. Chupa haina dhambi, na maji ya bei ndogo hayana aibu. Kosa huanza pale mtu anapoiacha chupa iseme neno ambalo yeye mwenyewe angeona haya kulisema kwa kinywa chake. Kila mmoja aweza kujipima kwa kipimo hicho, si katika chupa tu. Yuko anayevaa koti la kuazima na kupokea heshima ya mwenye koti. Yuko anayepigiwa magoti kwa sababu ya shule aliyoianza bila kuimaliza. Hawakusema neno. Waliacha karatasi iseme.

Nilikwenda kwa mzee nikamweleza yote. Hakukasirika. Alinyamaza kitambo, akishika shavu lake, kisha akauliza: «Lakini mwalimu, mbona hukuniambia siku ile ile?» Sikuwa na jibu. Ningalisema siku ile, ingalinigharimu kicheko kimoja mbele ya watu wawili. Kwa kuchelewa, yeye ndiye aliyelipa. Nilimrudishia nusu ya fedha zake. Nusu nyingine alikataa, akisema ile ni ya yule mwuzaji.

Chupa ya babu ningali nayo, na karatasi ya dhahabu sikuibandua, kwa sababu ni kumbukumbu yake. Lakini chini yake nimebandika karatasi nyingine, nyeupe, yenye jina la maji yaliyomo na tarehe niliyoyatia. Haipendezi sana kwa macho. Kila asubuhi huisoma kabla ya kufungua kizibo.